Makombo ya Fukusi

Kuna wanaofuga kuku, kuna wanaofuga mbuzi, na hata njiwa wana wenyewe. Lakini mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, aamke asubuhi aende kufuga fukusi! Habari ilipofika mtaani watu walishika viuno. Wanawake pale bombani walicheka mpaka ndoo zikafurika bila mtu kuziona, na kabla jua halijazama alikuwa ameshapewa jina: Mama Fukusi. Jina likamganda. Hata mwalimu wa binti yake alizoea kusema, "Nisalimie Mama Fukusi nyumbani," na wala hakucheka.

Mwenyewe hakulichukia. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, amekulia kwenye vipande vya vitambaa na pasi ya mkaa, na utotoni akiona mende alipanda juu ya kitanda akapiga kelele mpaka majirani waje na fimbo. Mtu wa namna hiyo akipewa jina la mdudu, mwacheni alivae. Amelitolea jasho.

Fukusi kila mtu anamjua. Ni yule mdudu mdogo mwenye pua ndefu unayemkuta kwenye maharage uliyoyaweka ukidhani utayala wewe, kumbe ulikuwa unamwekea mwenzio. Ukimgusa anakunja miguu na kujifanya maiti. Hawa wa Mama Fukusi walikuwa ndugu wa hao, wakubwa kidogo, rangi ya udongo uliokauka, tena wenye madeko: hawali kitu kingine duniani ila magugu maji. Mwekee mchicha, atageuza uso. Mwekee maharage, atakufa njaa akiyatazama. Kwa sababu ya madeko hayo ndiyo wakaletwa.

Maana bwawa la mji lilikuwa limetekwa. Magugu maji ni mazuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Yana majani ya kung'aa na maua ya zambarau, na mgeni akipita kwenye ukingo wa bwawa husimama apige picha. Anayekunywa maji ya bwawa lile hasimami. Vibarua wa mamlaka ya maji walikuwa wakiyavuta kwa reki tangu asubuhi, wakayarundika ukingoni, wakaenda kulala na migongo inawauma. Kesho yake magugu yamerudi, tena yamekuja na jamaa zake.

Mumewe alikuwa fundi wa boti ya mamlaka hiyo. Kazi yake ilikuwa kuyakokota magugu yasizibe chujio kubwa la chuma, pale maji yanapoingilia bombani kwenda mjini. Siku moja, mchana kweupe, mizizi ilijisokota kwenye pangaboi la injini, boti ikazimika. Akavua shati, akaingia majini na kisu aikate, kama alivyofanya mara chungu nzima. Safari hii upepo ukasukuma zulia zima la magugu juu yake, likafunga. Wenzake walipompata, kisu kilikuwa bado mkononi. Hayo yanatosha, sina haja ya kuongeza.

Mamlaka ikampa mjane kazi ya kufagia ofisi. Alifagia, akapiga deki, akachemsha chai ya mabosi, mpaka siku alipokuja mtaalamu wa wadudu, kijana mrefu mwenye miwani, amebeba kisanduku kama cha kuwekea samaki wabichi. Alitaka mtu mmoja wa kulea wadudu wake. Wanaume wakatazamana, mmoja akauliza kama kuna posho ya kujikuna. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake.

"Hao wadudu wanakula nini?" akauliza.

"Magugu maji, mama."

"Wanayala mpaka yanakufa?"

"Polepole. Lakini wanayala."

Akaegemeza fagio ukutani. "Nipe mimi," akasema.

Sasa sikiliza kilichomkuta. Ukitaka kufuga fukusi wa magugu, lazima kwanza ulime magugu. Hakuna njia ya mkato. Wakamtengea uwanja mdogo nyuma ya stoo, wakampa mapipa ya plastiki ya buluu yaliyokatwa nusu, wakampa neti ya kufunika. Akajaza maji, akapanda magugu, na yakidhoofika akayatilia samadi ili yanenepe. Kitu alichokitamani kife, ndicho alichokipa chakula kwa mkono wake. Siku za mwanzo alikuwa akikoroga samadi huku meno yameumana, na akimaliza ananawa mpaka viwiko kama mtu aliyetoka kuzika.

Na nyumbani alikuwapo mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Nasema mapema, kwa sababu watu wakisikia mama mkwe hutega masikio. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kabla magoti hayajamkataa, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia, na yule fundi wa boti alikuwa mwanawe wa pekee. Baada ya msiba hakurudi kwao. Alibaki na mkwewe na mjukuu katika nyumba ya vyumba viwili, wakalia pamoja, wakala pamoja, na alikuwa akimwita mkwewe "mwanangu" hata mbele za watu. Siku moja akaamua kumpelekea chakula cha mchana kazini. Akaingia uwanjani na sufuria kichwani. Akakuta mapipa yamepangwa safu kwa safu, magugu yamestawi, yametoa maua, na katikati yake mkwewe ameinama na ndoo.

"Unatia nini humo?" akauliza.

"Samadi, mama."

"Unayatilia mbolea?"

"Ni chakula cha wadudu, mama. Wadudu ndio watakaoyala. Dawa ya moto ni moto."

"Moto umeunguza nyumba yangu, na wewe unauchochea." Akaitua ile sufuria chini, taratibu, bila kumwaga. "Unalea kilichomuua mwanangu."

Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo neno "mwanangu" likakatika. Hakumtukana, hakumfukuza, hakumnyima chakula. Alimnyima mdomo tu. Akiwa na haja, alipitishia kwa mjukuu. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha," na huyo mama yako amekaa mkekani hapo hapo, mkono na mkono. "Mwambie bibi nimesikia." Mtoto akageuzwa posta. Jambo hilo mwanzoni lilimchekesha, baadaye likamchosha. Alipoanza kazi hiyo ya kupeleka salamu alikuwa na pengo la meno ya mbele. Sasa alikuwa anavaa sketi ya sekondari, na bado mwambie mama yako, mwambie bibi.

Mama Fukusi alijaribu kueleza. Nani angemsikiliza? Akianza tu, mama mkwe alisimama akaenda kuchungulia jiko lisilo na kitu. Basi naye akanyamaza, akahamishia maneno yake kwenye mapipa.

Na kule kwenye mapipa, jamani, alijua kuongea. Alijifunza kazi kwa kuinama. Fukusi mkubwa hukwangua uso wa jani usiku, na mchana hujificha katikati ya majani machanga yaliyojikunja; jani aliloliacha lina vidoa vya kahawia kama limekwaruzwa na kucha. Jike hutaga ndani ya kikonyo, ile shingo nene inayobeba jani. Yai likianguliwa, mtoto, kifunza cheupe, hakanyagi nje. Anachimba humo humo kikonyoni, anashuka chini kidogo kidogo, anakula kuta za nyumba yake, na kikonyo kinakuwa laini, cheusi, kinanuka. Kwa mtu asiyejua, hilo ni gugu lililooza. Kwa Mama Fukusi, hiyo ni wodi ya wazazi. Wageni wa ofisini walipokuja kutembezwa, wakasifia pipa moja lenye majani ya kung'aa, yeye alitikisa kichwa. "Pipa likipendeza, nimeshindwa," aliwaambia. "Nitafutieni lile baya."

Miaka ilikwenda, na fukusi wakaenda bwawani, kreti baada ya kreti. Upande wa mashariki magugu yakaanza kuwa mafupi na membamba, maua yakapungua, katikati yake pakafunguka madirisha ya maji. Si kwamba yaliisha, hata kidogo. Lakini mtu angeweza kupita na boti bila kuapa.

Ila kona moja ilibaki, kona ya chujio. Hapo fukusi hawakuwahi kuwekwa, kwa kuwa vibarua walikuwa wakiparua kila siku, na ukimweka mdudu leo, kesho atatupwa ukingoni na magugu yake akaukie juani. Kwa mtu yeyote ilikuwa kona tu. Kwa Mama Fukusi ndipo kile kisu kilipoinuliwa kutoka majini. Mwaka huo mtaalamu akaja na habari: wakubwa wamekubali, vibarua wataiacha nusu ya kona msimu mzima, waweke uzio wa kamba na maboya kuyazuia magugu yasifike kwenye chujio, mradi fukusi wa kutosha wawekwe kabla ya mvua. Mvua ikishanyesha, mto utashusha magugu mapya na nafasi itakuwa imepotea. "Na wakubwa hawa," mtaalamu akasema, "hawatakubali mara ya pili. Unawajua."

Mama Fukusi akaitenga safu yote ya nyuma kwa ajili ya kona ile. Fukusi wakubwa peke yao wasingetosha; wengi wao walikuwa wazee, siku zao zinahesabika. Nguvu yote ilikuwa kwenye watoto, wale waliokuwa vikonyoni. Safu ile aliitazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Asubuhi anafunua neti, anapasua kikonyo kimoja kwa ukucha, anamwona mtoto anajipindapinda, anarudisha. Hakumwambia mtu kwa nini safu ile ilimkosesha usingizi. Nyumbani angemwambia nani?

Halafu homa ikamwangusha.

Haikuwa homa ya kuchezea. Ilimkuta anafunga lango la uwanja, akafika nyumbani meno yanagongana, na kilichofuata hakukumbuka vizuri. Alikumbuka dari. Alikumbuka kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, na kijiko cha uji kikimjia mdomoni bila kuulizwa, maana mgonjwa haulizwi uji. Mkono ulioshika kijiko ulikuwa wa mama mkwe. Binti alikuwa na mitihani, akiondoka alfajiri anarudi jioni, na kwa hiyo posta ilifungwa. Wakabaki wawili tu, mgonjwa na muuguzi, na ukimya wao.

Katikati ya homa akaanza kuweweseka. "Watakufa," alikuwa akisema. "Watakufa, mama. Hakuna wa kuwatazama. Watoto wangu watakufa."

Mama mkwe alikuwa anakamua kitambaa. Akaacha kukamua. Akakaa na kitambaa mkononi, maji yakimchuruzika mapajani, akimtazama yule mwanamke anavyotupa kichwa huku na huku. Hofu ya namna ile aliijua. Hakuna haja ya kumfundisha mtu aliyewahi kuzaa. Asubuhi akamwachia jirani mgonjwa, akajifunga kanga kiunoni, akachukua funguo kwenye msumari na kutoka.

Alirudi adhuhuri ananuka bwawa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, na bila kupitia kwa mtu yeyote akasema, "Nimewatazama wadudu wako. Usiwe na wasiwasi."

Mama Fukusi aligeukia ukutani akalia. Alidhani homa ndiyo iliyosema. Kesho yake mama mkwe akaenda tena, akarudi tena, akasema tena: "Wanakula vizuri." Hapo akajua si homa. Akanywa uji wote mpaka bakuli likabaki jeupe.

Siku aliyoweza kusimama walikwenda pamoja, polepole, mmoja akilalamikia magoti na mwingine kizunguzungu. Langoni mlinzi aliinuka kwenye kigoda chake, mtu wa mizaha yule.

"Mama Fukusi! Umepona? Tulishazoea bosi mpya. Bibi ana mikono huyu, nimewaambia ofisini wamwajiri."

"Acha maneno yako," mama mkwe akasema, lakini alikuwa anatabasamu.

"Siachi. Wema hauozi, bibi."

Wakaingia. Mama mkwe akatangulia moja kwa moja hadi safu ya nyuma, akaifunua neti kwa mikono miwili kama mtu anayefunua zawadi.

Lo! Mapipa yalikuwa yanapendeza. Majani ya kijani, safi, yamesimama wima, hakuna doa, hakuna kikonyo cheusi. Maji yenyewe yalikuwa yanang'aa.

"Umeona?" mama mkwe akasema. "Nimekuta wanalala kwenye makombo! Majani yote yametafunwatafunwa, vikonyo vimeoza. Nikasema, mfugo gani huu? Hata mbuzi ukimwachia nyasi za juzi anakutazama vibaya. Nikayatoa."

"Umeyatoa yote?"

"Yote. Moja moja, kwa mkono. Na wadudu wako nimewakung'utia humo humo, sikumpoteza hata mmoja, usidhani mimi mjinga. Halafu nikawaletea majani mapya kutoka kwenye mtaro. Ona wanavyofurahi." Akashusha pumzi. "Kesho nitakuja kufanya safu ya mbele. Wewe bado huna nguvu."

Mama Fukusi angesema nini? Mbele yake alisimama mwanamke aliyemnyima neno miaka yote ile, uso umefunguka, mikono ina harufu ya bwawa aliloapa kutolikaribia. Kumwambia kweli ni kuufunga ule uso, na safari hii labda moja kwa moja. Kutomwambia ni kuipoteza ile kona; na kesho bibi atakuja na nguvu zake kusafisha na safu ya mbele.

"Ahsante, mama," akasema. "Ngoja nikachukue fagio."

Fagio halikuwa haja yake. Alizunguka nyuma ya stoo, kwenye lundo la takataka. Makombo yalikuwa pale, kichuguu kizima. Juu yalikuwa yamekaushwa na jua, yamekuwa kama makaratasi. Akapiga magoti, akachimba. Chini palikuwa bado pana unyevu, pana joto. Akachomoa kikonyo kimoja cheusi, akakipasua kwa ukucha. Kifunza cheupe kikajipinda. Yu hai. Akapasua cha pili: kimekauka na mwenyewe ndani yake. Cha tatu: hai.

Akaanza kufukua kwa mikono yote miwili, anatupia kwenye kanga yake.

"Unafanya nini na takataka?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya stoo.

Uongo ulikuwa tayari, tena uongo mzuri: nachukua mbolea, mama. Ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini Mama Fukusi aliitazama ile mikono ya kizee, akaona kesho, akaona kesho kutwa, akaona watu wawili wanaosemezana kila siku bila kuambiana kitu. Akaumeza.

"Mama, njoo ukae hapa." Akampa kikonyo kilichopasuliwa. "Huyu ni nani?"

"Funza."

"Ni mtoto wa fukusi. Wanazaa ndani ya kikonyo. Mtoto anakaa humo, anakila kwa ndani mpaka akue. Yale mabovu, mama, ndiyo yenye watoto."

Mama mkwe alikitazama kile kifunza muda mrefu. Kikajipinda, kikatulia.

"Kwa hiyo," akasema, "nimewakung'uta wazazi nikawaweka vizuri. Halafu nikatupa watoto."

"Hukujua, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Na hapo Mama Fukusi, mtu mpole, mtu wa kuongea na mapipa, likamtoka. "Ningekuambia kwa mdomo wa nani? Umenisemesha kwa mdomo wa mtoto mpaka mtoto amekua! Nilikuambia siku ile ile uliyokuja na sufuria. Nimejaribu tena na tena, unanikimbilia jikoni. Unadhani mimi nayapenda? Unadhani nikiyatilia samadi simwoni? Namwona kila siku, mama. Alikuwa mwanao, lakini alikuwa mume wangu pia!"

Ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya bati la stoo. Mama mkwe akageuka, akaondoka taratibu na magoti yake mabovu, akapotea nyuma ya ukuta. Basi, imekwisha, Mama Fukusi akajisemea. Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akarudi kufukua, kwa maana watoto wa watu hawakuwa na makosa.

Kisha akasikia kitu kinaburuzwa. Mama mkwe alikuwa amerudi na kigoda cha mlinzi na beseni mbili. Akakaa, akapanua miguu, akaweka beseni katikati.

"Lete hilo fungu," akasema.

"Mama, ni kazi ya macho, tundu lake ni kama la sindano..."

"Nimechambua maharage ya watoto mia nne, kila siku ya Mungu. Harage lililoingiwa na fukusi nalijua kwa kidole, macho yalikuwa yanawatazama wapishi wasiibe mafuta." Akachukua kikonyo, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisimamisha mahali. "Yumo." Akakiweka beseni ya kulia. Akachukua kingine. "Hayumo." Kingine. "Yumo, lakini amekauka." Akakitupa kando. "Maisha yangu yote nimewatafuta hawa niwaue."

Walichambua mpaka kivuli cha stoo kikawafunika. Mama Fukusi alikuwa anavichukua vya beseni ya kulia, anavifunga kwa uzi ubavuni mwa magugu mapya, kikonyo kibovu kwenye kikonyo kizima, ili mtoto atoboe ukuta ahamie kwa jirani. Wengine wangehama, wengine wasingehama. Mlinzi alikuja kudai kigoda chake, akaona nyuso zao, akarudi kusimama.

"Watayamaliza?" mama mkwe akauliza bila kuinua kichwa.

"Hawatayamaliza, mama. Wakiyamaliza na wao watakufa. Watayapunguza tu."

"Sasa yana faida gani yote haya?"

"Yatapungua mpaka mtu ayaone maji."

Mama mkwe akapitisha vikonyo kadhaa vidoleni. "Na mimi uchungu wangu haujaisha," akasema. "Huu wa hapa." Akajigusa kifuani kwa mkono wenye tope. "Nilikuwa nasubiri uishe ndipo niseme na wewe."

Mama Fukusi alisogeza beseni karibu yake, na wakaendelea.

Siku ya kupeleka, mtaalamu alifika na gari na kreti zake. Alipofunua safu ya nyuma akakunja uso. Vikonyo vilivyofungwa kwa nyuzi, mabaka huku na kule. Watoto walikuwa wamehama, ndiyo, lakini si wengi kama alivyotarajia.

"Palitokea ajali wakati naumwa," Mama Fukusi akasema. "Tumeokoa tulichookoa."

"Ajali gani? Ni mimi," mama mkwe akadakia. "Niliwatupa na makombo. Usinifiche nyuma ya homa yako."

Mtaalamu akamtazama, akacheka mpaka akavua miwani. "Bibi, mimi mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliona mbu wengi kwenye mapipa, nikapuliza dawa. Hakubaki fukusi wa kusimulia." Akainama tena, akapasua kikonyo, akapasua kingine. "Wanatosha kuanzia. Itachukua muda zaidi, lakini wanatosha. Pakieni."

Mama mkwe alipanda gari bila kukaribishwa. Tangu siku ya msiba hakuwa amekanyaga ukingo wa bwawa lile, na gari liliposimama kwenye kona ya chujio alibaki ndani kitambo, mkono kwenye kitasa. Hakuna aliyemharakisha. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya upande wa milima. Akashuka, akaenda kwenye kreti, akachukua gugu moja baya kuliko yote, lina vidoa, limefungwa uzi, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye maji, akaliweka juu ya wenzake.

Aliporudisha mkono, fukusi mmoja alikuwa amebaki kwenye kifundo chake. Akaanguka kiganjani, akakunja miguu.

"Nimemuua?"

"Anajifanya, mama. Msubiri."

Mama mkwe akasimama na kiganja wazi. Mtaalamu akawa anashusha kreti nyingine, vibarua wakawa wanafunga kamba ya maboya, na yeye amesimama tu. Mdudu alikuwa kama chembe ya udongo. Kisha mguu mmoja ukakunjuka, halafu mwingine, akajigeuza, akaanza kutembea kuelekea kidole.

"Mwanangu nilimsubiri hivi hivi," mama mkwe akasema. "Hapa hapa. Walikuwa wanasema tumfunike, nikawaambia ngojeni kidogo."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Akainama, akakiweka kidole kwenye jani, akangoja mpaka mdudu ashuke mwenyewe.

"Haya, nenda," akamwambia. "Kale."

Akajaribu kusimama, magoti yakakataa. Tope la ukingoni lilikuwa laini, na matone ya kwanza ya mvua yalianza kutoboa maji pale palipokuwa na uwazi. Akanyoosha mkono nyuma yake bila kutazama.

"Mwanangu," akasema, "nishike, hapa panateleza."